Uliza Ujibiwe: Kereng'ende wa buluu wa kwenye gogo

Toleo lililopita tulichapa picha ya kereng'ende mwenye tumbo la buluu akiwa ametua juu ya gogo kijitoni. Barua zimekuja nyingi. Tumejibu zile zinazowagusa wasomaji wengi zaidi.

Mhariri, salamu. Mdudu wa pichani nimemwona katika kijito kinachopita chini ya shamba letu huku Arumeru. Ni nani hasa? (Msomaji, Arumeru)

Ni kereng'ende wa kundi la wembamba, wale ambao wengi wao wakitua hukunja mbawa juu ya mgongo badala ya kuzitandaza. Kitaalamu anaitwa *Platycypha caligata*; Edmond de Selys Longchamps wa Ubelgiji alimwelezea kwa mara ya kwanza mwaka 1853. Ana urefu wa sentimita 3 na kidogo.

Watu hukimbilia rangi, lakini alama ya kuaminika ni tumbo kuwa fupi kuliko mbawa. Kereng'ende wembamba wengine karibu wote, tumbo huzipita mbawa. Kisha tazama uso: umevimba kwa mbele, kana kwamba ana pua. Dume aliyekomaa ana tumbo pana lililobapa, buluu ya anga, na miundi ya miguu yake imepanuka, nyekundu upande mmoja na nyeupe upande wa pili. Jike ni kahawia mwenye madoa hafifu. Dume kijana naye ni hivyohivyo, hajafifia bali hajaiva, kwa hiyo usihesabu kila wa kahawia kuwa jike. Jike utamjua kwa ncha ya tumbo iliyonenepa, ambako kuna kifaa cha kutagia.

Kaka yangu aliye Malawi anasema wako huko pia. Inawezekana ni haohao? (Msomaji, Mbeya)

Inawezekana kabisa. Huyu ana eneo kubwa: kuanzia Ethiopia, Kenya na Uganda, kupitia Tanzania, Zambia, Malawi, Msumbiji na Zimbabwe hadi Afrika Kusini, na upande wa magharibi hadi Angola. Hayumo katika orodha ya walio hatarini kutoweka.

Ila si kila mwenye umbo hilo ni yeye, kwa maana ana ndugu zake wenye maeneo madogo sana. Katika milima ya mashariki ya Tanzania kama Usambara yuko *Platycypha auripes*. Nyanda za juu za katikati ya Kenya zina *P. amboniensis*, ambaye ni adimu na hapatikani kwingine. Mwambao wa Ziwa Tanganyika una *P. pinheyi*. Ukiwa katika maeneo hayo usitoe jina kwa picha moja tu ya mgongo. Piga ya ubavuni, piga ya juu, na moja inayoonyesha miguu.

Nimechimba bwawa la mita 4 kwa 3, nikapanda mayungiyungi. Wamekuja kereng'ende wa kila aina isipokuwa huyu. Kasoro iko wapi? (Msomaji, Limuru)

Bwawa halina kasoro, ila huyu si mdudu wa bwawa. Anataka maji yanayotembea, yenye hewa nyingi: vijito na mito yenye mawe, mizizi na miti kandoni, penye kivuli kinachopenyezwa na jua. Maziwani hukaa kwenye mwambao wenye miamba unaopigwa na mawimbi, kwa sababu hiyohiyo ya hewa.

Na katika kijito chenyewe hakai popote tu. Jike hutoboa ubao laini na kuweka mayai ndani yake, hivyo anahitaji gogo au mzizi ambao umeloa na kuanza kuoza. Ubao mbichi au mgumu haumfai. Mahali penye gogo la namna hiyo, sehemu ikiwa majini na sehemu juu, palipo na mkondo na mwale wa jua, ndipo madume hugombania. Kijito kilichosafishwa magogo yote kinaweza kuwa na maji maangavu na bado kikakosa kereng'ende huyu.

Kama gogo linaziba kalvati, huna budi kuliondoa, lakini usilipeleke jikoni. Lilaze sambamba na ukingo, mbele kidogo ya kalvati kufuata mkondo, ulifunge kwa kamba ya katani kwenye kisiki ili mafuriko yasilibebe. Jambo jingine ni tope. Shamba likilimwa mpaka ukingoni, mvua ya kwanza hushusha udongo unaofunika ubao na mawe, na watoto wake hukosa pa kushika. Kwa wasomaji wa Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Na bomba la dawa halioshwi kijitoni, hata kwa maji kidogo.

Wanapotupa miguu mbele na kuitikisa, wanapigana au wanatongozana? (Msomaji, Morogoro)

Yote mawili, inategemea aliye mbele yake. Jike akifika kwenye gogo, dume hupaa mbele ya uso wake kwa umbali wa sentimita chache, miguu imetupwa mbele na kutikiswa, upande mweupe ukimwelekea. Jike akikubali hutulia pale alipotua. Asipokubali huruka akaenda zake. Wakishapandana, jike hurudi kwenye gogo kutaga, na dume hukaa karibu kumlinda bila kumshika. Kereng'ende wembamba wengi hufanya tofauti: dume humng'ang'ania jike shingoni mpaka amalize.

Madume kwa madume hupaa wakitazamana, kila mmoja akimwonyesha mwenzake wekundu wa miguu, na mabishano yanaweza kuchukua dakika kadhaa. Mara nyingi huisha bila kuguswa mtu.

Ili uwaone, nenda siku ya jua kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Tafuta gogo kwanza, mdudu baadaye. Kaa mita 2 hadi 3 kutoka hapo, na uhakikishe kivuli chako hakiangukii gogo; hicho ndicho kinachowafukuza kuliko kelele. Ukiwakurupusha usiwafuate, kwa kuwa mwenye gogo hurudi. Kwa kamera, lenzi ya milimita 300 inatosha, na kasi ya shata isipungue 1/1000 ya sekunde. Ukipiga kwa 1/250 utapata tumbo zuri na miguu iliyofutika, na miguu ndiyo uliyoifuata.

Tuna klabu ya mazingira shuleni. Tunaweza kumtumia kupima usafi wa mto? (Mwalimu, Iringa)

Mnaweza, mwalimu, ila pimeni kwa tunutu wake, yaani mtoto wake anayeishi majini, maana aliyekomaa anaweza kuruka kutoka mahali pengine. Katika mfumo wa SASS wa Afrika Kusini, unaopima mito kwa wadudu wake, familia ya huyu ina alama 10 kati ya 15, wakati kereng'ende wembamba wa kawaida wa familia ya Coenagrionidae wana alama 4.

Chukueni wavu wa matundu ya milimita 1 na beseni jeupe. Wavu ukae upande maji yanakoelekea, kisha mkono usugue taratibu mizizi, mawe na uso wa gogo. Msilipasue gogo, ndani yake kuna mayai. Mwageni mlichopata kwenye beseni lenye maji ya mtoni. Tunutu wa huyu ana miiba miwili mirefu nyuma, ilhali wenzake wengi wembamba wana vijani vitatu bapa. Beseni likae kivulini: maji yakipata joto hewa hupungua, na tunutu wa maji ya mkondo hufa upesi. Warudisheni baada ya dakika 10.

Wanafunzi wavae gambuti na glavu ndefu. Kichocho hakiangalii kama maji ni maangavu.

Wanakula mbu wa malaria? (Msomaji, Kisumu)

Aliyekomaa hula wadudu wadogo warukao, mbu akiwamo akipita. Lakini viluwiluwi vya mbu hukua kwenye maji yaliyotuama, na tunutu wa huyu hukaa kwenye mkondo. Hawakutani. Endeleeni na vyandarua.