Ukuta, Taa na Komeo: Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Wizi wa Majumbani

Barua nyingi za safari hii zimetoka Nakuru na Kisumu, na karibu zote zinauliza jambo moja: nyumba ikijengwa kwa nia ya kumzuia mwizi, wizi hupungua kweli? Na hofu nayo, je?

Naishi Kiamunyi, Nakuru. Nimeweka akiba kidogo ya usalama. Fundi anataka nipandishe ukuta hadi futi kumi na kuweka seng'enge ya wembe juu. Nimsikilize?

Usimsikilize kabla hujakagua milango yako. Funga mlango wa jikoni, kisha usukume kwa bega na uangalie fremu. Milango mingi niliyoiona mitaani kwetu ina kitasa cha bei ghali, ilhali fremu imeshikiliwa na vipande vya bati gumu na saruji iliyojaa mchanga. Mwizi hahangaiki na kitasa. Anapenyeza mtaimbo kati ya fremu na ukuta, basi.

Uholanzi iliagiza mwaka 1999 kwamba kila nyumba mpya iwe na milango na madirisha yasiyovunjika upesi. Wachunguzi waliofuatilia nyumba hizo waligundua kuwa wizi wa kuvunja ulishuka kwa karibu robo: kutoka nyumba 11 katika kila 1,000 kwa mwaka hadi 8. Agizo hilo lilihusu milango na madirisha, si kuta.

Ukuta wa futi kumi unamchelewesha mwizi dakika moja, kisha unamficha mpaka amalize kazi yake. Jane Jacobs, mwandishi wa mambo ya miji, aliandika mwaka 1961 kuhusu mitaa ya Marekani: barabara hulindwa na macho ya wanaoishi na kufanya kazi kando yake. Mama muuza mboga aliye mkabala na geti lako ni mlinzi, ila sharti akuone. Ukuta mfupi wenye vyuma vinavyopitisha macho, au ua wa kayaba uliokatwa usipite kifua, vitakufaa zaidi. Pesa zitakazobaki zitie kwenye fremu. Tena, kama mlango wako unafungwa kwa kufuli la nje, badilisha. Kufuli likining'inia saa nne asubuhi linamwambia kila mpita njia kwamba hakuna mtu ndani.

Tuko vyumba kumi na viwili kwenye ploti moja Kaptembwo. Mitungi ya gesi na nguo hupotea kwenye korido. Mwenye ploti anasema tulinde vitu vyetu wenyewe.

Korido ya vyumba kumi na viwili ni ya nani? Swali hilo ndilo lililomsumbua msanifu Oscar Newman alipochunguza majengo ya Pruitt-Igoe, mjini St. Louis, Marekani. Yalikuwa majengo 33 ya ghorofa 11. Ngazi na korido zilizotumiwa na familia nyingi zilikuwa zimeharibiwa na kujaa uchafu, lakini sehemu zilizotumiwa na familia mbili tu zilitunzwa vizuri. Wapangaji walikuwa wale wale. Majengo hayo yalianza kubomolewa mwaka 1972. Ni haki niseme pia kwamba umaskini na matengenezo yaliyopuuzwa vilichangia, kwa hiyo tusiutwike usanifu lawama yote.

Mwombeni mwenye ploti aweke geti dogo kila vyumba vinne, au angalau kizimba cha chuma cha mitungi, chenye kufuli, mbele ya madirisha yenu. Ni kazi ndogo kwa fundi wa kuchomelea. Mwenye ploti anayepokea kodi kumi na mbili kila mwezi ana wajibu wa kuweka balbu ya korido na kulipa umeme wake, na nalisema hilo bila kuuma maneno.

Tumevunjiwa mara mbili Migosi, Kisumu, mara ya pili wiki tatu tu baada ya ya kwanza. Mume wangu anashuku jamaa wa nyumbani.

Dada, msivunje ukoo kwa shaka. Nyumba iliyovunjwa huwa katika hatari kubwa ya kuvunjwa tena muda mfupi baadaye: mwizi anaijua njia, anajua alichoacha, na anajua mtanunua televisheni nyingine. Katika mtaa wa Kirkholt, Uingereza, miaka ya 1980, wahusika wa mradi wa kuzuia wizi walianza na nyumba zilizokwisha kuibiwa. Walirekebisha milango, wakaondoa mita za umeme na gesi zilizokuwa zikitumia sarafu, kwa kuwa wezi walifuata sarafu hizo, na wakawaomba majirani wa karibu waiangalie nyumba hiyo hasa. Wizi ulipungua kwa zaidi ya nusu.

Nyumba Kumi, mpango wa majirani kulindana ulioanzishwa hapa kwetu mwaka 2013, kwingine umebaki mkutano wa chifu tu. Ninyi ufanyeni kazi hii: majirani watano au sita, namba za simu, mwezi mmoja wa macho makali. Mlango urekebishwe leo, msingoje mshahara.

Mulika mwizi, ile taa ya mlingoti mrefu, imewekwa Nyalenda lakini usiku bado naogopa kutoka. Watoto wananicheka.

Wasikucheke, mama. Taa husaidia: New York mwaka 2016 waliweka taa kubwa za muda kwenye mitaa ya nyumba za umma, na makosa makubwa ya usiku nje ya majumba yakapungua kwa karibu 36%. Lakini hofu ina njia yake. Katika nchi nyingi wanawake husema wanaogopa zaidi, ingawa vijana wa kiume ndio wanaopigwa zaidi barabarani. Wengine huita hofu hiyo kosa la hesabu. Mimi sikubali. Mwanamke anahesabu pia kushikwa, kutukanwa na kufuatwa, mambo ambayo hayafiki kituoni.

Nakuuliza: choo kiko wapi? Kama kiko nyuma ya ploti, mulika mwizi iliyo barabarani inakitia kivulini. Unachohitaji ni balbu ndogo kati ya mlango wako na choo, komeo imara ndani ya choo, na kichaka cha kona kifyekwe. Hakuna mwanamke anayepaswa kukojoa kwenye ndoo kwa sababu njia ya hatua ishirini ina giza.

Tukijifunga sisi, si wezi watahamia kwa jirani?

Baadhi, ndiyo. Tafiti nyingi zinaonyesha kuwa wanaohama ni wachache kuliko wizi uliozuiwa, na mara nyingine mtaa wa jirani nao hupata nafuu.

Nimeweka vyuma kwenye madirisha yote. Kuna ubaya?

Upo, na ni mkubwa. Machi 2001 wanafunzi 67 waliteketea katika bweni la Kyanguli, Machakos. Madirisha yalikuwa na vyuma na mlango mmoja ulikuwa umefungwa. Tangu 2008 mwongozo wa usalama shuleni unakataza vyuma kwenye madirisha ya mabweni. Nyumbani, kila chumba cha kulala kiwe na dirisha moja ambalo vyuma vyake vina bawaba na komeo la kufunguliwa kwa ndani bila ufunguo, mbali na mkono wa aliye nje. Kisha mfundishe mtoto mwenye nguvu za kulifungua, na ajaribu gizani.