Kwa nini walipima damu na si maji ya goti

Dada, pole kwa kuuguza. Umeuliza kwa nini mama, aliyevimba magoti na vidole, alitolewa damu huko Temeke badala ya maji ya goti, na kama jibu hasi la RF (kingamwili, yaani protini ya kinga, inayopimwa kwenye damu kutafuta baridi yabisi) linamaanisha hana ugonjwa huo.

Hapana, halimaanishi hivyo. RF, iliyoelezwa na Erik Waaler mwaka 1940, hukosekana kwa baadhi ya wagonjwa wa kweli, na huonekana kwa wazee wasio na ugonjwa huo. Ndiyo maana mimi hukiamini zaidi kipimo cha anti-CCP, kinachotafuta kingamwili zinazoshambulia protini za mwili ambazo kijenzi chake kiitwacho arijinini kimegeuzwa kuwa kingine kiitwacho sitrulini. Maabarani, seramu (majimaji ya damu yaliyotengwa na chembe zake) hutiwa katika vishimo vya sahani ya plastiki vilivyopakwa shabaha ya kingamwili hizo, huoshwa, huongezwa kimeng'enya, na mara nyingi kishimo chenye kingamwili nyingi huishia manjano iliyokolea.

Ni kweli kwamba kingamwili hizo hutengenezwa pia ndani ya utando wa kiungo, na watafiti huzipata katika maji yake, lakini viwango vya kusomea majibu vimewekwa kwa damu. Maji ya goti huvutwa hasa kutafuta bakteria au fuwele za jongo. Kwa hiyo goti moja likivimba ghafla, likawa la moto, na mama akapata homa, tafadhali mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Vinginevyo ombeni anti-CCP, na mweleze daktari kama vidole vyake hushindwa kushika kikombe cha chai hadi saa nne asubuhi.