Programu haitakuuliza kuhusu hasara ya mwaka juzi

Ndugu mhariri, wiki hii mmetuuliza kama mtu wa kawaida anaweza kuachana na mhasibu akajaza ritani yake ya kodi (ile fomu ya mapato na kodi unayopeleka kwa mamlaka ya kodi) mwenyewe kwa programu ya kompyuta. Jibu langu ni ndiyo, mi najaza mwenyewe huu mwaka wa nne sasa, ila hiyo ndiyo ina mkia mrefu kidogo, mnivumilie.

Mi nimeajiriwa, mshahara unakatwa kodi kabla haujanifikia, halafu usiku natafsiri hati za watu na huko hakuna anayenikatia chochote, natakiwa nijipeleke mwenyewe. Miaka sita nilikuwa na mhasibu, mzee mmoja mpole sana, kila mwaka nampelekea bahasha ya kaki imejaa risiti, nyingine wino umeshafutika huoni hata tarehe, wiki mbili baadaye ananipigia njoo utie sahihi. Naenda, natia, sisomi. Siku moja nikamuuliza, mzee hii namba ya hapa chini imetokea wapi? Akavua miwani, akaniangalia, akasema kijana hayo niachie mimi. Hakusema kwa ubaya hata kidogo, lakini niliondoka pale roho haijatulia, manake sahihi ni yangu, jina ni langu, wakija kuuliza watakuja kwangu na mi sijui hata kilichoandikwa.

Mwaka uliofuata nikanunua programu.

Kwa asiyewahi kuiona, usifikirie ni fomu tupu zimewekwa kwenye skrini. Nyingi zimetengenezwa kama mahojiano, inakuuliza moja moja kama daktari: umeajiriwa? Una watu unaowatunza? Una biashara ya pembeni? Ulilipa riba ya mkopo? We unajibu, yenyewe huko nyuma inapeleka kila jibu kwenye kisanduku chake, inajumlisha, inatoa, inatafuta viwango vya mwaka huo. Kwenye hesabu haina mpinzani, hilo tulimalize hapa hapa. Watu wanaogopa kodi kwa sababu ya hesabu, kumbe hesabu ndiyo sehemu rahisi kuliko zote.

Kazi iko kwenye majibu yako. Ile niliyotumia mi ina namba pale juu kwenye kona, ukiwa unadaiwa inakuwa nyekundu, ukiwa na marejesho, yaani kodi ya kurudishiwa, inakuwa kijani, na kila ukijibu swali inacheza. Ee bwana ile namba ni shetani. Nilifika kwenye laptopu niliyonunulia kazi, ikauliza inatumika kwa kazi asilimia ngapi, nikaandika 100, namba ikaruka juu kijani safi kabisa, nikatabasamu. Halafu nikageuza macho, laptopu yenyewe ndiyo ile ile niliyokuwa naandikia, na kwenye kioo chake kuna alama za vidole vya mtoto vya uji, ametoka kuangalia katuni. Nikarudi nikaandika 70, namba ikashuka. Mzee wangu angeniuliza swali lile lile lakini angeniuliza akiwa ananiangalia usoni na mi nisingethubutu kusema 100. Programu haina macho, ukiidanganya inakushukuru inaendelea na swali linalofuata.

Na hayo marejesho yenyewe watu wanayafurahia kama zawadi, ni hela yako mwenyewe uliyokatwa zaidi mwaka mzima, tena imekaa huko sehemu nyingi bila riba.

Sasa makosa. Kosa la kwanza nililofanya ni la kitoto, niliandika mshahara ule unaoingia benki badala ya mshahara ghafi, ule kabla ya makato, halafu nikaingiza na kodi niliyokatwa, kwa hiyo nikawa nimeitoa ile kodi mara mbili. Programu haikusema kitu, itajuaje? Namba ilikuwa namba halali. Nilishtukia tu kwa vile kijani kilizidi, kilikuwa kizuri mno.

La pili lilininyima usingizi. Mapato ya tafsiri kwenye programu na mapato kwenye daftari langu yanapishana kwa 2,700, na nimeyapitia mara tatu sioni. Kuna ujanja wa wahasibu wa zamani, sijui nilimsikia nani: tofauti ikigawanyika kwa 9 bila kubaki kitu, kabla ya yote tafuta tarakimu zilizobadilishana nafasi. Inatokana na kwamba 10 toa 1 ni 9, 100 toa 10 ni 90, kwa hiyo ukibadilisha tarakimu mbili nafasi tofauti yake lazima igawanyike kwa 9. 2,700 kwa 9 ni 300. Haya, nikaanza kutafuta hivyo, dakika tano nikaikuta, kazi moja kwenye daftari ni 4,710 mi nimeandika 7,410. Hiyo programu ya bei yote ile haikuniambia, kajanja ka kwenye karatasi ndiko kalikoniokoa. Na ingekuwa sikuwa na daftari la kulinganishia ningelipa kodi ya hela ambayo sijawahi kuiona.

Ila kilichonifundisha adabu ni hasara. Mwaka mmoja kabla sijaachana na mzee kazi zilikatika wakati nimeshalipia vifaa, nikaingia hasara kwenye tafsiri. Nchi nyingi sheria inaruhusu hasara ya biashara isogezwe mbele, ikapunguze faida ya mwaka unaofuata, kila nchi na masharti yake. Mzee alikuwa ameiandika vizuri kwenye ritani ya mwisho, kamstari kadogo huko ukurasa wa nyuma. Mi naanza na programu, programu kwake mi nimezaliwa jana, haina mwaka juzi wangu, haina chochote. Hilo swali la hasara lilikuwepo kweli lakini limefichwa kwenye menyu ndogo ambayo huwezi kuifungua kama hujui unatafuta nini. Niligundua kwa bahati, siku ya kutuma nikaweka ritani ya mzee pembeni ya yangu nikawa nashuka mstari kwa mstari, huku kuna namba na huku kuna sifuri. Nikakaa kimya nikawaza mangapi mengine mzee alikuwa ananibebea bila kuniambia.

Kwa hiyo anayetaka kuhama, kabla hujamuaga mhasibu wako mwombe nakala za ritani za miaka ya karibuni na jedwali la uchakavu wa vifaa vyako. Hilo jedwali watu wanalisahau sana. Kifaa cha kudumu mara nyingi hukitoi chote kwenye mapato mwaka ulionunua, unakitoa kidogo kidogo miaka kadhaa, sasa kama hujui mhasibu alishatoa kiasi gani utaanza upya na utakuwa umetoa mara mbili, na hapo huna utetezi.

Maana utetezi wa "ni programu" haupo. Mnamkumbuka Timothy Geithner, yule Obama alimteua kuwa waziri wa fedha wa Marekani? Mwaka 2009 kwenye kuthibitishwa kwake na Seneti ilitoka kwamba alipokuwa akifanya kazi Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) hakulipa kodi ya waliojiajiri kama alivyotakiwa, jumla zaidi ya dola 34,000 kwa miaka ya 2001 hadi 2004, na baadhi ya miaka hiyo alikuwa amejaza kwa TurboTax, programu ya kodi kama hizi zetu. Walipomuuliza kuhusu hiyo programu akakubali kosa ni lake, siyo la programu. IMF haimkati Mmarekani ile kodi kwenye mshahara kama mwajiri wa kawaida, ni mtu mwenyewe ajue kwamba kwa hilo anahesabiwa kama amejiajiri. Yaani mtu anayekwenda kusimamia wizara ambayo mamlaka ya kodi iko chini yake! Seneti ilimpitisha hata hivyo, ila mi kila nikifika kwenye kile kitufe cha kutuma namkumbuka yeye.

Kuna nchi wenzetu walishatoka huko zamani, Denmark walianza mwaka 1988 kumtumia raia ritani iliyokwisha kujazwa, Uswidi watu wameshawahi kuikubali hata kwa meseji ya simu. Mamlaka tayari ina taarifa za mwajiri na za benki, we unaangalia tu kama ziko sawa. Lakini hata huko mwenye biashara ya pembeni bado ana lake la kuandika, na nyongeza ya hapo ni kwamba namba iliyokwisha kujazwa ina uvivu wake, watu wanaikubali bila kuisoma kama mi nilivyokuwa natia sahihi kwa mzee.

Faida niliyoipata ambayo sikuitegemea ni kuelewa mambo ambayo nimeyaongea vibaya maisha yangu yote. Nilikuwa nakataa kazi za mwezi wa mwisho wa mwaka eti zitanipandisha daraja la kodi nitapata hasara. Nikawa nacheza na programu, naongeza mapato kidogo kidogo naangalia kodi inavyosogea, kumbe sivyo. Tuseme daraja la kwanza ni asilimia 10 mpaka 1,000, juu ya hapo 20, ukipata 1,001 ile moja tu ya juu ndiyo inakatwa kwa 20, ile 1,000 haiguswi, inabaki kwenye 10 yake. Miaka sita nimekataa kazi kwa ujinga. (Tahadhari, kuna misaada na nafuu zinazokatika ghafla kipato kikipita kiwango fulani, hizo ndizo za kuogopa, siyo daraja.)

Halafu kitu kidogo, ukibonyeza tuma ikaandika imetumwa usilale, subiri mpaka ije imepokelewa, hizo ni habari mbili tofauti. Ya kwanza inatoka kwenye programu, ya pili inatoka kwa mamlaka. Mwaka wa pili yangu ilitumwa ikakataliwa kwa tarehe ya kuzaliwa ya mtoto niliyoikosea, na nilikuwa nimeshafunga laptopu nimesahau, siku mbili zaidi na ningekuwa nimechelewa. Na upakue nakala yako ukaiweke kwako, ukiacha kulipia programu unaweza usiione tena.

Siku hizi najaza mwenyewe kila kitu halafu namlipa mzee saa moja tu aipitie. Anasoma, ananiuliza maswali matatu manne ambayo hayamo kwenye skrini, mwaka huu aliniuliza kama kuna mteja aliyenilipa kwa kitu badala ya hela. Alikuwepo! Alinipa printa. Nilikuwa sijaiandika popote, na kipato ni kipato hata kikija kwa boksi. Mtu aliyeuza nyumba, aliyerithi, mwenye hela kutoka nchi mbili, mwenye ubia na wenzake au aliyeshapata barua ya mamlaka, huyo sitamshauri programu peke yake, aende kwa mtu akakae kitini.

Baada ya hapo nikawa fundi kwenye ukoo. Mwezi uliopita shemeji yangu kaja na makaratasi yake, eti shemeji we si unaijua hiyo programu, nimalizie ya kwangu nusu saa tu. Nikamwekea chai, nikafungua, jina, tarehe ya kuzaliwa, umeajiriwa ndiyo, tunaenda vizuri. Ikaja: je, una mapato yoyote kutoka nje ya nchi? Shemeji akanyamaza. Akakoroga chai. Akasema, "Shemeji, we bonyeza tu hapana tuendelee."

Nikafunga laptopu nikamwandikia namba ya mzee nyuma ya risiti.