Usiwape neno la Kiayalandi kabla hawajalisikia

Mkuu, simama hapo hapo. Umeniuliza uanzeje, utoze ada gani na habari za vyeti. Una wazazi wanane Waswahili huko Dublin wanaotaka kuwasaidia watoto kazi za shule za Kiayalandi, utawafundisha kwa video, umepakua orodha ya maneno 500, na unataka kuitia kwenye kadi za kukariria maneno kwenye simu, kompyuta iwasomee. Usithubutu. Kadi 1,200 za namna hiyo nilizitupa mimi, na yule muuza kozi aliyeniapia kwamba "sauti yoyote ya mashine inatosha, watazoea" bado anauza. Kweli walizoea. Hapo ndipo balaa lilipoanza.

Sisi lugha yetu husomwa kama ilivyoandikwa. Mwonyeshe Mswahili neno báid, atakusomea ba-i-di bila wasiwasi. Hiyo i haitamkwi! Kazi yake ni kuonyesha kwamba d inayofuata ni nyembamba, wenyewe wanasema caol, ulimi ukiinuka kuelekea kaakaa. Bád, yenye d nene, leathan, ni boti moja. Báid ni boti nyingi. Wingi wote umebebwa na d ya mwisho, na sauti ya mashine iliyofundishwa Kiingereza haina d mbili. Mwanafunzi anasikia kitu kilekile mara mbili, anakariri herufi, basi.

Sasa ongeza lahaja. Chukua éan, ndege mmoja, na éin, ndege wengi. (Kwetu ndege ni ndege hata wawe mia, kwa hiyo msinicheke.) Kwa Connacht, magharibi mwa Ayalandi, maneno haya mawili hutofautiana kwenye n tu: ya kwanza nene, ya pili inakaribia ny yetu ya nyanya. Kwa Munster, kusini, éan husikika zaidi kama "ian", irabu yenyewe imebadilika. Ukichanganya rekodi, éan ya Munster na éin ya Connacht, mwanafunzi atashika irabu kuwa ndiyo alama ya wingi. Akikutana na Connacht tupu hasikii kitu. Kuling'oa hilo ni kazi kuliko kumfundisha mtu asiyejua hata neno moja.

Kwa hiyo: hakuna neno kwenye kadi mpaka umsikie mzawa akilitamka, kwa lahaja moja tu. Nenda teanglann.ie, sehemu ya matamshi; maneno yaliyorekodiwa yana vitufe C, M na U, yaani Connacht, Munster na Ulster ya kaskazini. Chagua kimoja, usikiguse kingine mpaka mwaka uishe. Hujui uchague kipi? Waulize watoto wanasalimiwaje darasani. "Cén chaoi a bhfuil tú" ni Connacht, "Conas tá tú" Munster, "Cad é mar atá tú" Ulster. Sentensi nzima zinazokosa rekodi peleka abair.ie. Ni mashine pia, ndiyo, lakini imejengwa na Trinity College kutokana na sauti za wazawa, na lahaja unaichagua mwenyewe.

Wiki moja jozi nane za umoja na wingi, si zaidi. Cheza jozi mara tatu wakiwa wamefumba macho. Kisha cheza neno moja: kidole kimoja kwa umoja, viwili kwa wingi. Wakipata 8 kati ya 10, ndipo uwaonyeshe maandishi. Na kwenye darasa la video ushiriki sauti ya kompyuta moja kwa moja. Ukiishikilia simu mbele ya maikrofoni, kichuja kelele kitakula hizo konsonanti za mwisho, na ndizo unazofundisha.

Baada ya hapo mwanzo wa neno ndio unaocheza: a bád boti yake (mwanamke), a bhád boti yake (mwanamume), a mbád boti yao. Ya pili huanza na w Connacht, v Munster. Ya tatu huanza na m, b imemezwa. Hapa Mswahili ana nafuu, maana neno vitabu yeye hulitafuta kwenye kamusi chini ya kitabu. Waambie: ukiona h baada ya konsonanti ya kwanza, iondoe, ukiona mb, gc, bp au dt, ondoa herufi ya mbele, halafu ndio utafute.

Ada na vyeti waje wengine waseme. Wewe lifute hilo faili la maneno 500 leo, kabla halijafika kwenye grupu la WhatsApp. Likishafika huko, wanane wote watakuwa wamelisoma ba-i-di kabla hujawasha kamera.