Dogo kashindwa mchujo, mzee kitandani, na kanisani hataki tena

Dada, shikamoo kama umenizidi umri. Nimesoma ulivyoeleza: mdogo wako alitegemewa kuingia timu ya mkoa mita 5,000, akamaliza wa nane, na baba yenu amelala tangu mwaka jana. Sasa dogo hakimbii, haendi kanisani, na amekwambia Mungu angempenda angepita. Wengi hapo juu wamekwambia umwombee. Sawa, mwombee. Ila mimi nilikuwa kama huyo dogo. Kilichoniinua na kilichotaka kunimaliza vilikuja vyote viwili vikiwa na Biblia mkononi, kwa hiyo nitaeleza vyote.

Nimekulia Mbulu, nyumba ya Wakatoliki. Kwetu mtoto mwenye mbio anajulikana mapema, na akishajulikana hapumziki tena, kila mzee anamkumbusha kwamba John Stephen Akhwari, yule mkimbiaji wa marathoni, ni wa hukuhuku. Nilikuwa sekondari, kocha ananitegemea, mzee akapigwa na kiharusi. Upande wa kulia wote ukafa ganzi. Alilazwa hospitali ya Haydom, akarudi hai, lakini jembe hakulishika tena. Maksai wakauzwa. Dada yangu aliyekuwa anajifunza ushonaji akaacha. Hakuna aliyeniambia "familia inakutegemea wewe", ila mama alianza kunipakulia mimi kwanza, na ujumbe nikauelewa.

Nikaenda kukimbia nusu marathoni Moshi. Zawadi nilikuwa nimeshaigawa kabla sijaishika: dawa, ada ya mdogo wangu, maksai mmoja. Nadhani makocha wote wanalijua hili: mtu anayekimbia na bili ya hospitali kichwani anaondoka kwa kasi isiyo yake. Niliongozana na watu wa kambini, vijana wanaolala, kula na kukimbia tu, mpaka kichomi kikanishika na miguu ikakataa. Nilimaliza mbali kabisa na zawadi. Kwenye basi la kurudi sikulia, nilikuwa napiga hesabu nitamwambia nini mama.

Hapo ndipo shangazi, kwa mapenzi mema, akanipeleka kwa mtumishi wa Mungu mmoja mjini, mtu wa maombezi. Yule bwana hakuuliza nilifanyaje mazoezi wala nilikula nini. Alisema kuna mkono ndani ya ukoo, mtu mzima, upande wa baba, ndiye kamlaza mzee na ndiye kanifunga miguu. Dawa yake ni sadaka ya kuvunja. Dada, usidharau utamu wa maneno hayo kwa kijana aliyeaibika. Ghafla sikushindwa, nimefungwa! Lakini angalia gharama yake: mtu mzima wa upande wa baba tuliyekuwa naye ni mmoja tu, baba mkubwa, ambaye msimu ule alikuwa anatulimia shamba kwa ng'ombe wake bila kudai hata debe. Nikaanza kumkwepa mtu aliyekuwa anatulisha. Ukiona kuna anayemnong'oneza mdogo wako habari za namna hii, mzuie mapema kuliko jambo lingine lolote nitakaloandika hapa.

Aliyenitoa huko ni katekista wa kigango chetu, mzee wa maneno machache. Alikuja na jumuiya, yaani kikundi cha waumini majirani, nyumbani kumsalimia baba, akaniita nje, akaniuliza waliokushinda walikuwa wabovu? Nikasema hapana, ni wakali. Wanafanya mazoezi kuliko wewe? Ndiyo. "Basi wamekushinda." Kisha akanifungulia Mhubiri 9:11, pale panaposema kwamba si wenye mbio washindao katika michezo, bali wakati na bahati huwapata wote. Sijawahi kusikia mahubiri yaliyonipa nafuu kiasi kile. Kumbe Maandiko yenyewe yanakubali kwamba mtu anaweza kukimbia vizuri na bado asipate, na hilo halimaanishi kwamba kuna aliyelaaniwa wala aliyeachwa.

Siku nyingine akanifanyia jambo ambalo na mimi sasa nawafanyia vijana. Wanariadha tunapenda Wafilipi 4:13, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu", wengine wanaiandika hadi kwenye viatu. Akaniambia nisome mstari wa 12 kwa sauti. Paulo anasema amefundishwa kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Mambo yote anayoyaweza ni hayo, pamoja na njaa. Na waraka wenyewe aliuandika akiwa kifungoni. Hajaahidi mtu medali pale.

Halafu kuna upande ambao watu wa mtandaoni wanausahau: imani yetu ina mikono. Jumuiya ndogo ndogo ilipanga zamu. Kina mama walileta mahindi, vijana walipalilia, wanaume wawili walikuwa wanakuja kumnyanyua mzee na kumfanyisha mazoezi ya viungo kama walivyoelekezwa hospitali. Mzigo niliodhani ni wangu peke yangu ukagawanywa mbele ya macho yangu, na kazi niliyobaki nayo ilikuwa ya kawaida ya mtoto: kumgeuza baba asubuhi, kumwogesha, kwenda shule. Hapo ndipo miguu ilirudi. Nilikuwa nakimbia kwa sababu napenda kukimbia, si kwa sababu nisipofika wa tatu dawa hazinunuliwi.

Sala nayo ikabadilika. Niliacha kumwomba Mungu nafasi, maana hata Mkenya aliyeko pembeni yangu alikuwa anamwomba huyohuyo. Nikawa nasali Rozari kwenye mbio nyepesi za asubuhi. Msicheke, ni kipimo kizuri mno: ukiweza kumaliza Salamu Maria bila kukatika pumzi, kasi ni sahihi. Ukianza kumeza maneno, punguza.

Usitegemee mwisho wa sinema. Timu ya mkoa niliingia baadaye, ya taifa sikuwahi. Baba aliishi miaka kadhaa akitembelea fimbo, akafariki, na nilimzika nikiwa na amani na baba mkubwa, jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko medali.

Mwambie dogo na habari za hao wakubwa, ila umsimulie nzima. Akhwari tunamtaja kwa Mexico 1968 tu, alipoanguka akaumia, akaingia uwanjani wa mwisho mguu umefungwa bandeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Wachache wanamalizia kwamba miaka miwili baadaye, Michezo ya Jumuiya ya Madola Edinburgh, alikuwa wa tano kwenye marathoni. Juma Ikangaa, Mtanzania mwingine, alikuwa wa pili marathoni ya Boston mara tatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990, na ile ya kwanza alipitwa kwa sekunde moja. Katikati ya hizo, 1989, akashinda New York kwa saa 2:08:01. Alphonce Simbu naye alichukua shaba ya marathoni mashindano ya dunia London 2017, dhahabu ya dunia ikaja Tokyo 2025, miaka minane baadaye, kwa tofauti ya sekunde 0.03. Sisemi wote hao walishinda kwa sala, sijui sala zao. Nasema dogo wa kidato cha nne aliyekuwa wa nane hajaona kitu bado.

Kwa sasa usimlazimishe misa. Mwombe tu aje nyumbani siku jumuiya ikija kwa baba, hata akae nje. Usimwambie "Mungu ana mpango" leo au kesho, ataisikia kama kejeli. Mkae naye mumwonyeshe bili za mzee zilivyo na nani analipa nini, ili ajue si yeye mlipaji. Apimwe damu pia, kijana wa mbio anayelala njaa nyumba yenye mgonjwa anaweza kuwa amepungukiwa damu, na hilo wachungaji hawalioni kwa macho. Akianza kutolala kabisa au kusema maneno ya kujidhuru, ni hospitali siku hiyohiyo, sala zitawafuata huko.

Kocha wake aambiwe hali ya nyumbani. Wengi hawajui, wanadhani mtoto ni mvivu. Na kama anavaa namba 41, nina spaiki hazijachakaa, niandikie pembeni nikutumie kwa basi.