Mtafiti wa masoko ya fedha hashindi akinunua hisa

Ndugu, umeuliza kama mhadhiri anayetafiti masoko ya fedha na wawekezaji wa taasisi (mifuko ya pensheni, kampuni za bima na kadhalika) hushinda akicheza hisa. Hapana, hushinda akisafisha data. Chukua Marekani: taasisi inayosimamia hisa za dola milioni 100 au zaidi hutakiwa kuwasilisha fomu ya 13F ndani ya siku 45 baada ya robo mwaka kuisha. Mle unaona mfuko wa pensheni au kampuni ya bima ilishika hisa zipi siku ya mwisho ya robo. Ilichonunua Januari ikauza Februari hukioni. Hisa zilizokopwa zikauzwa nazo hazimo. Kujua data inakuficha nini ndiyo kazi yenyewe.

Kisha kuna suala la kipi ni chanzo na kipi ni matokeo, na hapo ndipo utamu ulipo (na maumivu pia). Kampuni inafanya vizuri na taasisi kubwa zina hisa zake: je, ziliiboresha, au ziliifuata kwa sababu tayari ilikuwa nzuri? Ndiyo maana watafiti wanapenda mpaka wa fahirisi (orodha za hisa za kupimia soko) za Russell 1000, yenye kampuni kubwa zaidi za Marekani, na Russell 2000, yenye zinazofuata kwa ukubwa. Kampuni mbili zinalingana karibu kabisa kwa ukubwa, moja inaangukia huku, nyingine kule, na mifuko inayofuata fahirisi inalazimika kuzinunua kwa uzito tofauti, yaani kuzitengea sehemu tofauti ya fedha zake. Tofauti hiyo ya umiliki basi haitokani na ubora wa kampuni.

Ukitaka njia hii, ekonometria (takwimu za kupima mambo ya uchumi) na programu za takwimu kwanza, uzamivu baadaye. Kusoma chati za bei hakutakusaidia sana.