Muulize Mjomba: Nimwamini mchoraji au mwigizaji?

SWALI: Shikamoo Mjomba. Nimemaliza tamthilia ya The Tudors na sasa sitoki kwa wafalme hao wa Uingereza. Ila nachanganyikiwa. Henry VIII wa tamthilia ni kijana mwembamba, wa kwenye picha ni pande la mtu. Na huyu bintiye, Elizabeth I, mbona uso wake mweupe kama chokaa? Nimwamini nani?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mpwa wangu. Wote wawili walikuwa kazini, mchoraji na mwigizaji.

Jonathan Rhys Meyers nampenda, lakini Henry wake anafika mke wa sita bila kitambi! Henry mwenyewe ujanani alikuwa mrefu, mpenda michezo. Baadaye vidonda vya mguu vikamnyima mazoezi, naye mezani hakupunguza. Hans Holbein alimchora mwaka 1537 kwenye ukuta wa kasri la Whitehall: miguu kaitanua, mabega yamejaa, anakukazia macho. Mwaka mmoja kabla alikuwa ameanguka vibaya na farasi, na mkewe Anne Boleyn alikuwa amekatwa kichwa kwa amri yake. Picha ile ilikuwa ya kumtisha mgeni aingiapo. Kasri liliungua mwaka 1698, hivyo tunazozitazama leo ni nakala. Charles Laughton aliiga msimamo uleule kwenye filamu ya mwaka 1933, akapata Oscar.

Weupe wa Elizabeth una mambo yake. Itazame picha iitwayo Darnley, ya mnamo 1575, iliyopo National Portrait Gallery jijini London. Wataalamu walipoipima waligundua kwamba rangi nyekundu ya mashavuni imepauka kwa miaka. Alipochorwa, bibi huyu alikuwa na damu usoni! Sasa kila mpambaji wa filamu anampaka unga.

Tena alijilinda kwelikweli. Mwaka 1596 baraza lake liliagiza picha zinazomvunjia heshima ziharibiwe. Ndiyo maana kwenye ile ya Hatfield House, anaposhika upinde wa mvua na joho lake limedariziwa macho na masikio, ana uso wa mwari, ilhali umri ulikuwa unakaribia sabini. Kwa hilo namvulia kofia Glenda Jackson. Katika tamthilia ya Elizabeth R ya mwaka 1971 alinyoa nywele za mbele, akazeeka mbele yetu sehemu baada ya sehemu.

Ukitaka uso usiobembelezwa, mtafute dada wa Elizabeth, Mary I, aliyechorwa na Antonis Mor mwaka 1554. Picha ipo jumba la makumbusho la Prado, Madrid. Kaketi wima kitini, waridi mkononi, midomo kaibana. Waandishi wa filamu humpa giza na ugonjwa basi. Mor alimpa macho ya mtu anayekusikiliza na hajakubali bado.